Transista Nne za Shangazi

6 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Dereva wa lori la saruji amekubali kukuletea barua hii mpaka mlangoni, kwa hiyo ukiona vumbi jeupe kwenye bahasha usidhani nimeifungia dukani. Ningepiga simu, ila mara ya mwisho nilikuuliza hali ukanijibu bei ya vitunguu, nikajua masikio yako na simu hayapatani tena.

Sisi wazima. Mama mguu wa kushoto unamsumbua asubuhi, ukishapata joto anatembea kutuzidi sote. Mke wangu bado anafanya usafi zahanati. Binti mkubwa ameingia darasa la nne, mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na amegoma kucheka mbele za watu. Mimi niko palepale, mhudumu wa pampu ya maji, ile iliyo chini ya machimbo ya mawe ya zamani. Mwaka wa tisa huu.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa kumi na moja bomba kubwa lilikatika. Nikalifukua nikitegemea kutu, nikakuta chuma kizima kabisa, kimevutwa mpaka kikaachana. Nikafuata mtaro kwenda juu hadi ukingo wa machimbo, na hapo nikaona ufa kwenye ardhi, mrefu hatua mia na ishirini. Ulikuwa unaingiza kidole kimoja. Nikapigilia vigingi, kimoja kila upande, nikafunga kamba kati yake, na kila Jumatatu napima. Leo vimeingia vidole viwili.

Chini ya ufa huo kuna nyumba sitini na mbili, yetu ikiwamo. Tulimwita ofisa wa mtaa. Huyu tunamwita Bwana Mpango, maana ukimuuliza lolote atakwambia mpango upo. Alisimama juu ya ufa na viatu vyake vya kung'aa, akautazama kwa muda, akasema mpango upo.

Watu hawana pa kwenda, na mvua kubwa huanza mwezi wa nne. Tumekubaliana tuwe na namna ya kuwaita watu watoke. Tulijaribu kugonga rimu ya gari, lakini mvua ikiwa juu ya mabati hata mtu na mkewe chumba kimoja hawasikilizani. Simu nazo, matone mawili tu mtandao umekufa, na umeme unafuata. Kwa hiyo naunda amplifaya. Nimepata spika nne za tarumbeta, betri nne za lori, na ule mchoro ulionichorea nyuma ya kalenda nilipokuwa na miaka kumi. Bado ninao. Spika nitazifunga kwenye mnara wa tanki. Waya ninao mita kumi na mbili, unatosha.

Ninachokosa ni transista za mwisho, zile za kuzisukuma spika. Sokoni kuna za plastiki na za chuma, na kila muuzaji anakula kiapo. Niambie nichukue zipi. Na siku ukipata nafasi niambie pia kwa nini uliacha ufundi. Hapa kila mtu ana jibu lake, wewe tu ndiye huna.

Naogopa, shangazi. Nyumbani siwezi kulisema hilo, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mtoto wa kaka yako


24 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na saruji yake yote. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Nimehamia chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, ili nimwone anayegonga mlango, maana kumsikia simsikii. Kusoma nasoma kwa lenzi ileile niliyokuwa nikitazamia lehemu. Mwambie binti mdogo mimi nimeng'oka sita na bado nacheka. Mama yako msalimie.

Lile la ufa nimelisoma mara tatu. Mara ya tatu niliiweka lenzi mezani.

Nisikilize basi. Za plastiki waachie wenye redio za sebuleni. Spika nne ukizifunga pamoja zinakuwa mzigo mzito, na kwa betri nne, volti arobaini na nane, kila utakapopaza sauti zitapita ampea tano au sita kwenye transista hizo. Chukua za chuma, zenye umbo la kofia, namba 3055. Chukua nne, mbili kila upande, zisaidiane. Kila moja iwe na risista yake ndogo ya robo omu mguuni, ili isitokee moja ikabeba kazi ya wenzake. Zipime zote kwa mita, zilingane. Kisha zifunge kwenye aluminiamu nene yenye mapezi ya kupozea, na karatasi ya maika chini ya kuzuia umeme, na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto. Usifanye ubahili wa dawa.

Transista ikipata moto inapitisha umeme mwingi zaidi, na ikipitisha zaidi inazidi kuwa moto. Inakwenda hivyo mpaka inajiua, na yote haichukui muda wa kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo ukimaliza kuunda, ijaribu nusu saa nzima, sauti juu kabisa. Si zile dakika mbili za kusema halo halo halafu mkapigiana makofi.

Umeniuliza kwa nini niliacha. Macho.

Na mimi nikuulize: atakayeshika maikrofoni ni nani, na atakaa wapi?

Shangazi yako


11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Binti mdogo amefurahi kusikia kuhusu meno yako, sasa anataka kujua uliyaweka wapi. Mama anakusalimu. Nilipomsomea barua yako alisema, "Huyo na macho yake, mbona alikuwa akitunga uzi kwenye sindano gizani?" Kisha akainuka akaenda kuteka maji.

Nimenunua nne za chuma. Muuzaji ni mzee mmoja anayevaa glavu moja tu. Alinifungulia boksi, akaniambia, "Hizi mwanangu ukizifunga utazirithisha wajukuu." Nimezifunga kama ulivyosema, risista, maika, dawa, vyote. Mapezi nimeyapata kwenye injini mbovu ya pikipiki, nimeyakata kwa msumeno siku mbili.

Jumamosi tuliiwasha. Shangazi, sauti ilikwenda mpaka ng'ambo ya bonde. Fundi cherehani wetu wa nyumba za chini kabisa, ambaye huwa hasikii hata akiitwa kula, alitoka nje na sindano mdomoni. Watu walicheka siku nzima. Lakini dakika ya ishirini nikagusa mapezi nikatoa mkono haraka. Nikazima. Nikasema labda ni jua.

Ufa umefika vidole vitatu na nusu. Kamba ya kwanza imekatika, nimefunga nyingine. Kuna mahali ukitupa jiwe ndani huwezi kusikia lilipotua.

Bwana Mpango amekuja tena, safari hii na daftari. Ameandika majina ya wenye nyumba wote, na wazee, na wagonjwa wasioweza kutembea. Nikamuuliza ni ya nini, akasema, "Ya mpango." Tulicheka hata mbele yake.

Niambie kama moto ule ni wa kawaida.

Mtoto wa kaka yako


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie binti mdogo niliyatupa juu ya paa, wala hayakuota. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia tangu barua yako.

Moto ule si wa kawaida. Fanya hivi, na ufanye siku hiyohiyo utakayoisoma barua hii. Chukua kitambaa chenye thina, usugue juu ya namba. Namba ya kweli imepigwa kwa muhuri, haitoki. Ikitoka na kitambaa, ni rangi tu. Kisha chukua moja, najua inauma, uikate kofia yake kwa msumeno wa chuma, polepole kuzunguka kingo. Ndani utaona kipande kidogo cha kung'aa kimebandikwa katikati. Hicho ndicho transista yenyewe, kile chuma chote ni nyumba yake. Niandikie ukubwa wake. Kinatakiwa kiwe kama nusu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho. Wako wanaoweka kidogo ndani ya kofia kubwa, na kwa macho huwezi kuwajua. Inaimba vizuri siku ya kwanza. Inaimba vizuri hata mwezi.

Sasa la pili. Nilikuuliza atakaa wapi mwenye maikrofoni, ukanijibu habari za cherehani. Mimi ni mzee lakini hesabu sijasahau. Spika ziko kwenye mnara wa tanki. Waya wako ni mita kumi na mbili. Basi amplifaya iko ndani ya chumba cha pampu, na maikrofoni iko hapohapo, na chumba cha pampu kiko juu mlimani kuliko nyumba zote, chini ya ufa. Na mwenye ufunguo wa chumba hicho ni mmoja.

Waya wa maikrofoni ni mwembamba, unaweza kwenda mita mia mbili bila kudhuru kitu. Iache amplifaya huko juu, wewe shuka na maikrofoni ukakae upande wa shule, nje ya njia ya udongo. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, ila mvua imeanza mapema na nguo hazikauki. Mama ameanza kulala na viatu miguuni. Hasemi kwa nini na sisi hatumuulizi.

Nilisugua. Namba ilitoka yote kwenye kitambaa, chini yake hakuna kitu, chuma kitupu. Nikaikata moja. Kile kipande cha ndani ni kama punje ya mchele iliyovunjika. Nilikaa nacho mkononi mpaka mke wangu akaniuliza kama nimejikata.

Nilirudi sokoni. Mzee wa glavu hayupo, boksi zake hazipo, jirani yake anasema hamfahamu. Maduka mengine mawili nimesugua mbele yao, zote zinatoka. Kwa hiyo amplifaya sasa ina tatu za uongo na moja niliyotoa kwenye redio ya zamani ya shule. Najua utakavyosema.

Kuhusu kukaa upande wa shule. Ni kweli mimi ndiye nitakayekuwa juu. Sikukujibu kwa sababu sikutaka uandike haya uliyoandika. Kutoka shuleni ufa hauonekani, shangazi. Mvua ikishika, hata mnara hauonekani. Asiyeuona ufa atapiga kelele mapema mno mara tatu, na mara ya nne watu hawatatoka. Lazima mtu awe pale. Mke wangu anajua. Tuligombana siku mbili, siku ya tatu akanishonea koti la mvua.

Vidole havitoshi tena, napima kwa kiganja. Kiganja kimoja na nusu.

Umejuaje yote haya? Ulisema "inaimba vizuri hata mwezi." Niliisoma sentensi hiyo kwa mke wangu, naye akasema huyu amewahi kuona. Uliona wapi?

Mtoto wa kaka yako


30 Machi

Mwanangu,

Salamu zote umepewa, wewe na wote walio chini ya paa lako. Leo siwezi kuzungusha maneno.

Ndani ya kifurushi hiki, kwenye kopo la dawa ya meno, kuna transista nne. Zimefungwa pamba. Ni za kweli, namba imepigwa kwa muhuri, nimezipima jana na zote zinalingana. Nimekaa nazo miaka ishirini na miwili. Nitakwambia zilikotoka, kisha utaamua mwenyewe.

Machimbo yale yalipokuwa yanafanya kazi, msimamizi alinijia nimtengenezee amplifaya ya kutangazia baruti. Mara tatu kwa siku anapaza sauti watu wajifiche, kisha wanalipua. Nilikuwa na hizi nne kwenye droo. Lakini nilikuwa nimeziwekea ukumbi wa muziki wa mjini. Watu wangecheza, wangesikia sauti safi, wangeuliza fundi ni nani. Nilitaka sana waulize. Nikajiambia machimbo ni kazi ya dakika moja, kupiga kelele tu, hata hafifu zitafaa. Nikanunua nne nyingine. Nilipoisugua moja kwa kidole gumba, namba ilififia. Niliona, mwanangu. Sikudanganywa. Nilizifunga hivyohivyo, tukasema halo halo dakika mbili, msimamizi akapiga makofi.

Iliimba miezi mitatu. Siku ile msimamizi alipoiwasha ilinguruma mara moja ikanyamaza. Akapeperusha kitambaa chekundu badala yake. Baba yako alikuwa nyuma ya kona ya mwamba, anapakia kokoto. Pale alipokuwa hakuna kitambaa kinachoonekana.

Walioandika ripoti waliandika kwamba alionywa akakaidi. Kesho yake nilikwenda machimboni nikiwa bado nimevaa nguo za msiba, nikasema naichukua amplifaya kuitengeneza. Niliifungua. Mbili zilikuwa zimeungua zikawa kama waya mtupu. Nikaitosa yote kwenye shimo la choo. Nikarudi matangani nikakaa karibu na mama yako, nikamshika mkono, na watu walipokuwa wakisema "ukaidi wake ndio uliomponza" nilinyamaza. Nilinyamaza siku ile, na arobaini yake, na mwaka. Halafu nikahama. Macho yangu yalikuwa mazima kabisa.

Wewe umekua ukisikia baba yako alikuwa mbishi. Kaka yangu hakuwa mbishi. Hakuitwa tu.

Sikuandika haya ili unihurumie. Nimeandika kwa sababu huwezi kuziamini transista hizi bila kujua zinatoka wapi, na kwa sababu sasa uko pale alipokuwa yeye, na kifaa ni cha aina ileile. Fanya utakavyo na mimi. Lakini zile za uongo zitoe.

Shangazi yako


2 Mei

Mwanangu,

Ni mwezi na zaidi. Dereva wa saruji anasema kifurushi alikuwekea mkononi mwako na kwamba ulimshukuru. Safari mbili zilizofuata amesema hukuwa na barua ya kumpa. Safari ya tatu amesema barabara imekatwa na maji, amerudia njiani.

Nakwenda kwa jirani kila jioni, ananiandikia kwenye karatasi habari zilizotoka redioni. Mvua, mvua, mvua. Mara moja aliandika jina la wilaya nikadhani ni yenu, kumbe aliandika vibaya.

Kama hutaki kuniandikia, ni haki yako. Kama umezitupa zile nne, sawa. Ila usikae na zile za sokoni. Tafuta mtu mwenye redio kubwa ya zamani, muombe. Na mtume dereva aniambie neno moja tu. Aseme "yupo." Sitauliza la pili.

Shangazi yako


21 Mei
Darasa la Sita, shuleni

Shangazi,

Nipo.

Mama yupo, mke wangu yupo, mabinti wapo. Tunaishi darasani na familia nyingine nne. Barua yako ya mwezi huu imefika jana, imelowa, lakini inasomeka.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianza na ya mwisho sitamaliza.

Kifurushi chako nilikifungua chumba cha pampu. Nilisoma, nikakunja barua, nikaliweka kopo juu ya rafu nyuma ya makopo ya grisi. Sikuligusa siku tisa. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi nazunguka na zile za uongo. Mke wangu alilikuta akasema, "Hizi si ndizo ulizokuwa ukizisubiri?" Nikamwambia hazifai. Ni mara yangu ya kwanza kumdanganya kuhusu kazi. Miaka yote hiyo, mtu akiniambia wewe mkaidi kama baba yako, nilikuwa nacheka naye. Nilikuwa nacheka, shangazi.

Siku ya kumi tulifanya zoezi. Mtaa mzima ulikuwa nje unasubiri. Niliwasha, nikasema maneno mawili, ikanguruma ikanyamaza. Moshi kidogo ukatoka. Nilisimama pale na maikrofoni mkononi nawaona watu chini wamenitazama juu, wadogo kama kuku, wananisubiri niseme. Nililishusha kopo nikazifunga zile nne siku hiyohiyo. Nilizichagua kwa sababu zilikuwa nzima. Sikuwa nimekusamehe, na nataka ulijue hilo.

Tulizijaribu nusu saa. Niliweka mkono kwenye mapezi, joto lake lilikuwa kama la kikombe cha chai. Nikaacha mkono pale muda mrefu.

Tarehe nane mwezi huu, saa saba mchana, mvua ilikuwa siku ya tatu bila kukata. Maji ya pampu yakageuka matope. Kisha bomba likaanza kulia, sauti nyembamba, kama mtu anayevuta msumari ubaoni. Nikatoka na koti langu kutazama kamba. Haikuwapo, na vigingi havikuwapo. Ukingo wote ulikuwa umeshuka kimo cha mtu, na miti iliyokuwa juu yake ilikuwa imeinama pamoja, upande mmoja, kama watu wanaochungulia.

Nilikimbia ndani nikawasha. Tulikuwa tumekubaliana maneno matano: "Tokeni, nendeni upande wa shule." Niliyasema sijui mara ngapi. Sauti yangu nilikuwa naisikia inarudi kutoka bondeni, nzito, haitetemeki hata kidogo. Niliishangaa. Watu wakaanza kutoka. Nilimwona mke wangu amemkamata mama mkono, mabinti mbele yao. Baada ya hapo nikaanza kuwaita wengine nyumba kwa nyumba. Fundi cherehani alikuwa anatoka na cherehani kichwani, anateleza, anaanguka, anaibeba tena. Nikamwambia kwenye spika, mtaa mzima ukisikia, "Fundi, iache hiyo, kimbia." Akaniinulia mkono kama mtu anayekataa deni, akaendelea nayo.

Bwana Mpango alikuwa chini na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa namwona anakwenda mlango hadi mlango, anagonga, anaingia, anatoka na mtu. Wale wazee na wagonjwa alioandika mwezi wa pili. Aliwabeba mgongoni, mmoja mmoja, na viatu vyake vya kung'aa. Watu sita. Nilimwita mara mbili. Nikamwambia, "Mheshimiwa, inatosha, toka." Alitazama juu, akaonyesha nyumba moja kwa kidole, akaingia.

Ukuta wa chumba cha pampu ukapasuka nyuma yangu, kutoka sakafuni mpaka darini. Sikuzima kitu. Niliitupa maikrofoni sakafuni ikiwa wazi nikakimbia ubavuni mwa mlima, si kwenda chini. Kwa hiyo yaliyofuata wote waliyasikia kwenye spika: mvua kwanza, kisha mlima. Wanasema ile ngurumo iliwafikia kabla ya udongo. Waliokuwa wamesimama wakibishana juu ya magodoro waliacha magodoro. Ni dakika kumi na nane tangu nilipowasha. Mnara ulipoanguka spika zilikuwa bado zinasema.

Nyumba arobaini na moja hazipo. Yetu haipo. Tumewahesabu watu mara nne, kwa sababu tulikuwa hatuamini. Amekosekana mmoja. Tulimpata siku ya tatu, mlangoni mwa nyumba ile aliyoionyesha, ya bibi mmoja kipofu. Bibi mwenyewe alikuwa ametoka zamani kwa mlango wa uani, yuko shuleni, hakuna aliyejua. Tumemzika Bwana Mpango jina lake halisi likisomwa, na nusu ya watu walikuwa hawajawahi kulisikia. Miezi mitano nilikuwa namtania. Daftari lake ninalo mimi. Kila jina lina alama ya tiki isipokuwa la bibi.

Nashtuka kila kitu kinaponguruma. Jana lori la changarawe lilipita nikajikuta nimesimama uwanjani, binti mdogo nimembeba kwapani, na sikumbuki nilivyomwinua.

Sasa la mama. Nilikaa na barua yako ya mwezi wa tatu mfukoni, ndiyo maana ilipona. Juzi nilimwomba tukae nyuma ya darasa, nikamsomea yote, neno kwa neno. Nilisita pale kwenye kumshika mkono. Akasema, "Soma." Nikamaliza. Ndipo akasema, "Miaka ishirini na miwili namgombeza marehemu. Kila nikipata shida namwambia, ungesikia ulipoitwa." Akaomba nimwachie barua. Hajui kusoma. Alikaa nayo mapajani mpaka jua likahama.

Siku mbili hakuzungumza na mtu. Sikutaka kukuandikia kabla hajasema kitu, na sikujua atasema nini. Nilijiandaa kwa lolote.

Leo asubuhi alikuwa anapanga mikeka pale pembeni ya darasa, anaisogeza, anaipima kwa hatua zake. Akaniuliza, bila kugeuka, kama wewe bado huwezi kulalia kitu laini kwa ajili ya mgongo. Nikamwambia sijui, nitauliza.

Basi nauliza.

Mtoto wa kaka yako